Kufuli kwa Wote, Ufunguo kwa Mmoja

Desemba 2012 mtu asiyetaja jina lake alimwandikia mwandishi wa habari Glenn Greenwald, akimsihi aweke kwenye kompyuta yake programu ya usimbaji fiche iitwayo PGP ili waandikiane bila kusomwa na mtu wa tatu. Greenwald, mwanasheria na mtetezi wa faragha, aliona kazi hiyo ina usumbufu, akaiahirisha. Mtu huyo alikuwa Edward Snowden. Alipochoka kusubiri alimgeukia mtengenezaji filamu Laura Poitras, aliyekwisha kuizoea programu hiyo, na Juni 2013 dunia ikasoma habari za upelelezi wa Marekani. Habari hizo zilikaribia kukwama, si kwa nguvu ya polisi wala ya mahakama, bali kwa programu iliyomshinda msomi.

Kwa karne nyingi, anayefunga ujumbe na anayeufungua walitumia ufunguo uleule, hivyo iliwapasa kwanza kupeana ufunguo huo kwa siri. Serikali zenye majeshi na balozi ziliyaweza hayo, raia hakuyaweza. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la kuzitenganisha kazi hizo mbili. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa MIT, walipata hisabati ya kulitekeleza. Desemba 1997 ndipo ilipofichuliwa kwamba GCHQ, shirika la Uingereza la kunasa mawasiliano, lilikuwa na wazo hilohilo kabatini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. James Ellis, aliyelibuni huko, alikuwa amefariki wiki chache tu kabla ya tangazo hilo.

Aliyelifikisha wazo hilo kwa raia ni Phil Zimmermann, mwanaharakati wa kupinga silaha za nyuklia. Mwaka 1991 Seneti ya Marekani ilikuwa na muswada uliotaka watoa huduma za mawasiliano waihakikishie serikali uwezo wa kuyasoma mazungumzo ya watu. Zimmermann aliharakisha kutoa PGP bure, ikasambaa hadi nje ya nchi. Kwa kuwa sheria za Marekani wakati huo ziliuhesabu usimbaji imara kuwa miongoni mwa silaha, mwaka 1993 alianza kuchunguzwa kama msafirishaji wa silaha bila kibali. Mwaka 1995 kiwanda cha uchapishaji cha MIT kilitoa msimbo wote wa programu hiyo kwa umbo la kitabu, kwa maana kitabu kinalindwa na uhuru wa uchapishaji. Januari 1996 uchunguzi ulifungwa bila mashtaka.

Ushindi huo ulikuwa wa kisheria tu. Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 dakika 90 kila mmoja wasimbe na kutia saini barua pepe kwa PGP. Theluthi moja tu walifaulu. Watatu walituma siri yenyewe ikiwa wazi, na saba waliufunga ujumbe kwa ufunguo wao wenyewe badala ya ule wa mpokeaji.

Kosa hilo la mwisho tunalielewa vyema tukilitazama kwa Kiswahili. Neno ufunguo linatokana na kufungua. Lakini "ufunguo wa umma", katika kusimba ujumbe, haufungui chochote. Kazi yake ni kufunga. Kwa hakika ni kufuli lililo wazi, ambalo mwenyewe humgawia yeyote anayetaka kumwandikia. Ufunguo halisi ni ule wa siri, nao hautoki mkononi mwake.

Ukilishika hilo, hitilafu nyingi hujieleza zenyewe. Programu ikisema hakuna ufunguo wa siri, ujumbe ulifungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake haumo katika kompyuta hiyo: labda mwandishi alitumia kufuli lako la zamani, labda ulibadilisha kompyuta bila kuuhamisha ufunguo. Ukisahau nywila ya ufunguo wako na huna nakala nyingine, hakuna ofisi ya kukurudishia. Tena, kufuli lenye jina la rafiki yako laweza kuwa limetengenezwa na adui yake. Ndiyo maana alama yake ya utambulisho husomwa ana kwa ana au kwa simu kabla ya kuaminiwa. Na kwa kawaida kichwa cha barua pepe hakisimbwi, wala majina ya wanaoandikiana.

Mtumishi wa umma anayetuma majalada ya wananchi kwa barua pepe, na mwanaharakati anayehifadhi majina ya mashahidi, wamebeba usalama wa watu wasiokuwapo mezani. Watu hao hawatasaidiwa na programu itakayojifunzwa siku ya hatari. Greenwald alipata fursa ya pili kwa sababu Poitras alikuwa amejifunza mapema. Tusiwaachie wengine kazi ya kuwa Poitras wetu.