Mtoto wa Kupanga na Makaratasi Yake: Kutoka kwa Zayd bin Haritha hadi Mfaranyaki

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), yatima aliyelelewa na babu yake kisha ami yake, na asiache kuitwa bin Abdillah. Ama baada ya hayo.

Mzee mmoja wa Mfaranyaki, hapa Songea mjini, alinijia baada ya swala ya Alasiri akiwa na bahasha ya kaki. Yeye na mkewe hawakujaaliwa kupata mtoto. Wamemlea binti ambaye mama yake, aliyekuwa mpangaji wao, alifariki akimwacha na umri wa miaka mitatu. Baba yupo, alirudi kwao mkoa mwingine. Sasa binti anatakiwa kuanza shule na hana cheti cha kuzaliwa. Jirani amemshauri njia ya mkato: aseme mkewe alijifungulia nyumbani, cheti kitoke kwa jina lake, mambo yaishe. Mwingine amemwambia aende mahakamani akamuasili.

“Sheikh,” akaniuliza, “ile ya mkato najua ni uongo. Lakini hii ya mahakamani nayo, si ndiyo kupanga watoto kulikokatazwa? Basi haya makaratasi nayakusanya ya nini?”

Ndugu msomaji, swali hili halijibiwi kwa neno moja. Tuirejee historia.

Zayd bin Haritha (R.A.)

Zayd alikuwa mtoto wa Kiarabu huru kutoka kabila la Kalb. Alitekwa akiwa na mama yake walipokwenda kuwazuru jamaa, akauzwa katika soko la Ukadh. Hakim bin Hizam akamnunua kwa ajili ya shangazi yake, Bibi Khadija (R.A.), naye akampa Mtume (S.A.W.) kabla ya utume. Baba yake alipopata habari alikwenda Makka kumkomboa. Zayd akahiyarishwa, naye akachagua kubaki. Hapo Mtume akatangaza mbele ya watu kuwa Zayd ni mwanawe, na kwa miaka mingi akaitwa Zayd bin Muhammad.

Kisha zikateremka aya za Suratul Ahzab. Aya ya 4 na ya 5 zinaeleza kuwa watoto wa kupanga hawawi wana kwa kauli za midomo tu, na zinaamrisha waitwe kwa baba zao; na kama baba hawajulikani, basi ni ndugu katika dini na marafiki. Zayd akarejea kuitwa bin Haritha. Je, alifukuzwa? Hasha. Alibaki kipenzi cha Mtume, akapewa uongozi wa majeshi, na akafa shahidi Mu'ta mwaka wa 8 Hijria akiwa amebeba bendera. Katika Maswahaba wote, ni yeye peke yake aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani, katika aya ya 37 ya sura hiyohiyo.

Kwa hiyo kilichofutwa ni nasaba ya uongo. Malezi, mapenzi na heshima vilibaki.

Karatasi kabla ya karatasi

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Sunayn Abu Jamila, aliyeokota mtoto mchanga zama za Sayyidna Umar (R.A.). Umar hakumpongeza na kumwacha aende. Alimhoji: kwa nini umeichukua nafsi hii? Akajibu kuwa alimkuta anapotea. Ndipo arifu wake, yaani msimamizi wa watu wake, akamshuhudia kuwa ni mtu mwema. Umar akataka uhakika kwanza, kisha akahukumu kuwa mtoto ni huru, Abu Jamila amlee, na matumizi yatoke katika mali ya umma.

Tazama yaliyomo. Pana mahojiano ya anayeomba kulea, ushahidi wa kiongozi wa mtaa, hukumu ya mwenye mamlaka na mpango wa matumizi. Afisa ustawi wa jamii anapokutembelea nyumbani, na mwenyekiti wa mtaa anapokuandikia barua, wanafanya kazi ambayo msingi wake Waislamu wanaujua tangu Madina.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakaliweka wazi zaidi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa kumchukua mtoto aliyetupwa ni faradhi ya kutosheleza, na kwamba kushuhudisha ni wajibu kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa nini mashahidi? Ili uhuru wa mtoto na nasaba yake visipotee, na asije mlezi kesho akadai yasiyokuwepo.

Ungoni nako

Wenyeji wa Songea hawahitaji kwenda mbali kupata mfano. Wangoni walipofika huku karne ya 19 kutoka kusini, walikusanya njiani watu wa makabila mengi. Watoto wengi waliotekwa walilelewa humo wakakua Wangoni kwa lugha na desturi. Kisha vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, baada ya Wajerumani kuteketeza vyakula, viliacha mayatima wasiohesabika. Walilelewa kwa ndugu na majirani bila hati yoyote. Wema ulikuwepo, lakini pasipo na shahidi wala maandishi, ni rahisi asili ya mtoto kusahauliwa.

Sheria ya leo

Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka maombi ya kuasili mbele ya Mahakama Kuu, kwa ridhaa ya mzazi na taarifa ya ustawi wa jamii. Amri ikitoka, haki za wazazi wa kuzaa hukoma, na mtoto huhesabiwa kama aliyezaliwa na waliomuasili. Hapo Mwislamu asimame, kwani yanaguswa mambo matatu: jina, umahram na mirathi.

Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa kuzaa. Tena inatambua malezi ya kambo, ambayo mlezi hutunza bila kubadili asili ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake katika ibara ya 20. Zanzibar wameiingiza kafala katika Sheria ya Watoto ya 2011, na Kenya katika sheria yao ya 2022. Huku Bara mlango ulio karibu nasi ni malezi ya kambo.

Jawabu kwa mzee wetu

Nilimwambia: mzee wangu, kusanya makaratasi, ila yaseme kweli. Cheti cha kuzaliwa kiandikwe majina ya wazazi waliomzaa. Tafuta cheti cha kifo cha mama. Baba atafutwe, aridhie kwa maandishi. Kisha uende ustawi wa jamii kuomba malezi. Mirathi binti hatakurithi, lakini unaweza kumpa hiba ungali hai, au kumuusia hadi theluthi ya mali. Na kwa kuwa alifika kwenu amekwisha pita miaka miwili, kunyonya hakumfanyi mahram. Akibaleghe, zichungeni adabu za hijabu.

Alipofungua bahasha tukakuta cheti cha ndoa hakimo. Alioa miaka ishirini iliyopita, msikitini, mbele ya mashahidi, na aliyemfungisha hakuandikisha. Maimamu wenzangu, hili ni letu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa iandikishwe. Ndoa yake ni sahihi kisheria ya dini, lakini uvivu wetu wa kalamu unamsumbua yatima leo.

Mtume (S.A.W.) ameahidi kuwa anayemlea yatima atakuwa karibu naye Peponi mfano wa vidole viwili. Pia ameonya vikali kuhusu mtu kujinasibisha kwa asiyekuwa baba yake hali anajua. Anayetaka ahadi ile asimsababishie mtoto onyo hili.

Wallahu a'alam.