Majina ya Unyanyembe katika Ramani za Kale

Ramani iliyotolewa mwaka 1856 na wamisionari Erhardt na Rebmann yaonyesha ziwa moja kubwa katikati ya bara, liitwalo Uniamesi: jina la nchi ya Wanyamwezi likapewa maji. Lawama si ya wasafiri wa misafara walioulizwa pwani. Hao walitaja maziwa waliyoyafikia kwa njia mbalimbali, na wachoraji ndio walioyaunganisha.

Burton na Speke, waliofika Unyanyembe Novemba 1857, waliandika Kazeh. Stanley, mwaka 1871, aliandika Tabora na Kwihara. Msomaji asidhani kwamba mji mmoja uliangamia. Palikuwa na tembe zilizotawanyika, kila kundi na jina lake. Mto Malagarasi, waliouvuka Burton na Speke mwaka 1858 wakienda Ujiji, ungali na jina lake. Jina la Kazeh limefutika katika ramani.