The Gold Rush: Kichekesho Kilichotokana na Njaa

The Gold Rush ni filamu bubu ambayo Charlie Chaplin aliitunga, akaiongoza na kuigiza ndani yake, na ilioneshwa kwa mara ya kwanza Hollywood mwezi wa Juni 1925. Kisa chake kinatokea Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, ambako dhahabu iligunduliwa Agosti 1896. Mwaka uliofuata meli zilitia nanga Seattle na San Francisco zikiwa na wachimbaji waliotajirika, na papo hapo makarani, wakulima na vibarua wakaacha kazi zao. Inakadiriwa kuwa watu 100,000 walifunga safari. Waliofika hawakutimia nusu, na waliopata dhahabu ni elfu chache tu.

Mali iliyodhaniwa kuwa ya mteremko iligeuka kazi ya punda. Polisi wa Kanada walimtaka kila mtu avuke mpaka na mahitaji ya mwaka mzima, yaani mzigo wa karibu tani moja. Kwenye njia ya mlimani ya Chilkoot wengi waliubeba mgongoni kidogo kidogo, wakipanda na kushuka kwa majuma.

Picha za msururu huo wa watu kwenye theluji ndizo zilizomvutia Chaplin. Aliongezea habari za wasafiri wa kundi la Donner, waliokwama katika milima ya Sierra Nevada mwaka 1846 hadi baadhi yao wakala maiti za wenzao. Ni msiba ambao wachekeshaji wengi wangeukwepa. Yeye aliutoa humo mlo maarufu wa filamu hiyo: mtafutaji dhahabu aliyekwama kibandani anachemsha kiatu chake, anakipakua kwa adabu zote za mezani, anakula kamba kama tambi na kufyonza misumari kama mifupa. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa urukususi. Mwenzake, Big Jim, aliyeigizwa na Mack Swain, anazidiwa na njaa hadi anamwona rafiki yake ni kuku, akamfukuza amle.

Tukio la filamu linaloonesha msururu wa Chilkoot lilipigwa picha mwaka 1924 karibu na mji wa Truckee, California. Watu wapatao 600 waliletwa kwa treni kutoka Sacramento, wengi wao wazururaji wasio na kazi. Basi waliojaza nafasi za mafukara wa Klondike walikuwa mafukara kweli, wakipanda theluji halisi kwa ujira wa kibarua. Sehemu kubwa iliyobaki ilipigwa picha studioni, kwa theluji ya chumvi na unga. Lita Grey, aliyepangiwa kuwa mwigizaji mkuu wa kike, alipata ujauzito, na nafasi yake ikachukuliwa na Georgia Hale.

Katika kisa chenyewe, shujaa hatajiriki kwa kuchimba. Big Jim, aliyesahau mahali ilipo dhahabu yake kwa kupigwa kichwani, anamhitaji amwoneshe njia ya kibanda kilicho karibu nayo. Dhoruba inakisukuma kibanda hadi ukingoni mwa genge, jirani kabisa na dhahabu hiyo. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa mtamu kupita kiasi, lakini haukwenda mbali na historia: vijito bora vya Klondike vilikuwa vimeshagawanwa na waliokuwa karibu kabla umati haujawasili.

Mwaka 1942 Chaplin aliitoa upya akiwa ameipunguza, ameitia muziki na kuisimulia kwa sauti yake. Toleo hilo lilipendekezwa kwa tuzo mbili za Oscar, za muziki na za sauti.