Daktari Aliyeomba Kulipwa kwa Sala ya Baba Yetu



Katika miji yetu mingi, mgonjwa akifika hospitalini huulizwa kwanza amekuja na kiasi gani cha fedha, kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Sote tumekwisha kusikia habari za mama aliyejifungua salama, lakini akakaa majuma mengine hospitalini pamoja na mtoto wake kwa sababu deni lilikuwa halijalipwa. Ndiyo maana inafaa tutafakari maisha ya daktari mmoja wa mji mdogo, baba wa watoto kumi na watatu, ambaye Kanisa linamheshimu kama Mwenye heri: László Batthyány-Strattmann wa Hungaria.

László alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1870 katika kijiji cha Dunakiliti, katika mojawapo ya jamaa kubwa za makabaila wa Hungaria. Alikuwa mtoto wa sita kati ya watoto kumi. Alipokuwa angali mtoto, wazazi wake walihamia Köpcsény, kijiji ambacho leo kimo katika nchi ya Austria na huitwa Kittsee. Alipofikia umri wa miaka kumi na miwili mama yake alifariki, na jeraha lile halikumtoka upesi. Tangu utoto wake alikuwa akisema kwamba siku moja atakuwa daktari na kuwatibu maskini bila malipo.

Baba yake alikuwa na mpango mwingine: alitaka mwana ajifunze kilimo ili asimamie mashamba ya ukoo. László alikwenda Vienna, akaanza masomo ya kilimo, akapitia pia kemia, fizikia, falsafa na muziki, kama mtu anayetafuta njia gizani. Hatimaye mwaka 1896 aliingia katika masomo ya udaktari, akiwa na umri ambao wenzake wengi walikuwa wamekwisha kumaliza. Mwaka 1900 alipata shahada yake. Kijana anayehuzunika kwa sababu amechelewa kuitambua njia yake na ayakumbuke hayo.

Tarehe 10 Novemba 1898, angali mwanafunzi, alifunga ndoa na Maria Teresa Coreth, binti wa kabaila na mwanamke wa imani thabiti. Mwaka 1902 walijenga hospitali ndogo ya vitanda 25 pale Kittsee. Hapo László alianza kazi kama daktari wa magonjwa yote, kama alivyo daktari wa kijiji popote: leo homa, kesho mfupa uliovunjika. Baadaye alijifunza zaidi upasuaji, kisha utabibu wa macho, na jina lake likavuma mbali. Vita ya kwanza ya dunia ilipolipuka, hospitali ile ilipanuliwa hadi vitanda 120 ili iwapokee askari waliojeruhiwa.

Mwaka 1915 alirithi kutoka kwa ndugu wa ukoo jumba kubwa la mji mdogo wa Körmend, magharibi ya Hungaria, pamoja na cheo cha prinsi na jina la Strattmann. Mwaka 1920 alihamia huko na jamaa yake yote. Mwingine angelitumia jumba lile kwa karamu. Yeye alitenga upande mmoja wake, akaufanya kuwa hospitali ya macho. Wakulima waliokuwa wakiongozwa kwa mkono kwa sababu ya upofu walipita katika lango la prinsi, wakalala chini ya paa lake, na wengi wakarudi kwao wakiiona njia wenyewe.

Na malipo yalikuwa nini? Maskini hawakutoa fedha. Gharama za hospitali na za dawa zilitoka katika mali ya ukoo, na mara nyingi aliwaongezea wagonjwa fedha mkononi. Jambo aliloomba ni kwamba mgonjwa aliyepona asali Baba Yetu kwa ajili ya daktari wake. Kabla ya kupasua, yeye mwenyewe alisali, kwani alijiona kuwa chombo tu mikononi mwa Mungu. Mgonjwa alipoaga alipewa picha takatifu na kitabu kidogo cha kuijenga imani, ili macho ya mwili yaliyofunguka yasiyaache nyuma macho ya roho.

Tuingie sasa nyumbani mwake, kwani humo ndimo ilimokuwa siri ya hospitali. Kila siku jamaa nzima ilihudhuria Misa. Baada ya Misa, baba aliwafundisha watoto katekisimu, kisha akampa kila mmoja kazi moja ya upendo ya kutimiza siku ile. Jioni walisali Rozari pamoja, halafu wakaiangalia siku yao: je, kazi ya asubuhi imetendeka? Maria Teresa naye alimsaidia mumewe katika huduma ya wagonjwa. Huruma haikuwa kazi ya baba peke yake, huku wengine wakila matunda ya heshima yake. Ilikuwa kazi ya nyumba nzima, na mtoto mdogo alikuwa na sehemu yake.

Nyumba hiyo haikuepushwa na msalaba. Mwaka 1921 Ödön, mwana wao wa kwanza, alifariki kwa apendisiti akiwa na umri wa miaka 21. Baba aliyewaponya wana wa watu wengi alimzika mwana wake mwenyewe. Hakuifunga hospitali, wala hakuiacha sala. Miaka michache baadaye saratani ya kibofu ilimlaza yeye mwenyewe katika hospitali ya Vienna, na kwa miezi kumi na minne alivumilia maumivu makali. Alifariki tarehe 22 Januari 1931, akiwa na umri wa miaka 60, akazikwa Güssing katika kaburi la ukoo wake. Tarehe 23 Machi 2003 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye heri.

Kijana mmoja anaweza kusema: «Ilikuwa rahisi kwake. Alikuwa tajiri. Sisi tutatibu nani bure, nasi hatuna hata nauli?» Swali hilo ni la haki, wala tusilikwepe. Tena tuongeze ukweli mwingine: utajiri wa makabaila wa siku zile ulitoka katika mashamba makubwa yaliyolimwa kwa jasho la wakulima maskini. Hospitali ya László haikulifuta jambo hilo. Lakini makabaila wengine walikuwa na mashamba kama yake, na milango yao ilibaki imefungwa. Yeye alielewa kwamba mali aliyoikuta bila kuitafuta ilikuwa amana, akawarudishia maskini kwa mikono yake mwenyewe, kila siku, muda wa miaka thelathini hivi.

Tena jambo kubwa la nyumba yake halikuhitaji fedha. Kazi moja ya upendo aliyopewa kila mtoto asubuhi, na swali la jioni, yawezekana Bukavu, Kolwezi au Kalemie, katika nyumba ya mabati yenye chumba kimoja. Kumchotea maji bibi mgonjwa wa jirani. Kumsindikiza kipofu hadi kanisani. Kuketi na mgonjwa asiye na ndugu hospitalini. Kuchanga kidogo kidogo katika shirika hadi deni la mama mmoja lilipwe, arudi kwake na mtoto wake. Na wale kati yenu mnaosomea udaktari au uuguzi, siku itakuja mtakapokaa upande wa pili wa meza, mbele ya mgonjwa asiye na kitu. Amueni tangu sasa mtamuuliza neno gani la kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni mali gani, kipaji gani au nafasi gani nimeipokea kama amana, nami naitumia kama yangu peke yangu?

2. Katika mtaa wetu, ni mgonjwa gani anayengoja kutembelewa juma hili, na nani kati yetu atakwenda?

3. Jamaa yangu inaweza kuanza lini desturi ya kazi moja ya upendo kwa siku?