Sehemu ya 4: Marashi si dawa, wala si pazia

Leo tunaongelea marashi. Kuna historia humu ndani ambayo kila mama aliyejifungua inamhusu, kwa hiyo usiishie njiani.

Tuanze na mdomo wetu wenyewe. Ukisema "nimekitafuta kwa udi na uvumba", unajua unasema nini? Wazee wengine wa pwani husema "kwa udi na ambari". Maana yake umetumia kila kitu, hata vile vya thamani kubwa. Na kweli vilikuwa vya thamani.

Ambari inatoka tumboni mwa nyangumi. Inaelea baharini miaka mingi, jua na chumvi vinaipika, halafu mawimbi yanaitupa ufukweni. Msafiri Al-Masudi wa Baghdad alifika pwani yetu miaka ya 900 na kitu, na katika maandishi yake akaisifu ambari ya huku kwetu. Kwa hiyo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita watu wa mbali walikuwa wanajipaka harufu iliyookotwa kwenye fukwe zetu.

Udi wenyewe ulikuja kutoka upande wa pili wa bahari, India na nchi za mashariki yake. Ni mti, lakini mti mzima haunukii kitu. Mpaka ujeruhiwe, fangasi waingie kwenye kidonda, ndipo mti unajitengenezea utomvu mweusi wa kujikinga. Huo utomvu ndio tunaouchoma kwenye chetezo. Yaani ile harufu unayoisikia harusini ni kidonda cha mti kilichopona vizuri. Mimi nikijipaka mafuta ya udi najiona nimekua ghafla, kama nimevaa kanga za bibi. Harufu yake nzito, inakaa mpaka kesho, na ukiingia kwenye daladala kila mtu anajua umeingia.

Waridi na asumini ni habari nyingine. Pwani ukisema marashi, wengi wanaelewa maji ya mawaridi yanayonyunyizwa kwa mrashi. Utaalamu wa kuchemsha maua na kukusanya mvuke wake ni wa zamani sana, na miaka ya 800 Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad, alihusishwa na kitabu kizima cha namna ya kutengeneza manukato. Maji ya waridi kwangu ni harufu ya heshima: maulidi, harusi, hata msibani. Asumini ni ya usiku. Kikuba kikichomekwa kwenye nywele saa moja jioni, ikifika saa nne ndiyo kwanza kinaamka. Haihitaji chupa wala bei, inahitaji jirani mwenye mti tu.

Sasa twende Ulaya, maana huko ndiko marashi yalipopewa kazi isiyo yake.

Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba ugonjwa unasafiri kwa harufu mbaya. Hewa ikinuka, ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Basi dawa yake ikawa harufu nzuri. Wakati wa tauni, miaka ya 1600, walikuwepo madaktari waliovaa vinyago vyenye mdomo mrefu kama wa ndege, ndani wamejaza majani na viungo vyenye kunukia. Waliamini pua ikilindwa, mtu mzima amelindwa. Tauni haikujali. Ilikuwa inaletwa na bakteria, na viroboto wa panya ndio waliokuwa wanaibeba.

Mwaka 1709 kwenye mji wa Köln, Ujerumani, ilianza biashara ya Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyechanganya spiriti na mafuta ya malimau, machungwa na ndimu za aina mbalimbali. Akayapa maji yake jina la mji, Eau de Cologne. Watu waliyapaka, na maji ya aina hiyo yaliuzwa mpaka kama dawa ya kunywa! Mwaka 1810 Napoleon aliamuru wenye dawa za kunywa waweke wazi michanganyiko yao. Watengenezaji wa kolonya hawakutaka kutoa siri, wakaona bora waseme haya ni maji ya kujipaka nje tu. Ndivyo kolonya ilivyotoka kwenye kabati la dawa ikaenda kwenye meza ya kioo. Mimi kolonya naipenda siku za joto. Ni kama mtu amemenya chungwa karibu yako: unaburudika, na baada ya saa moja limeisha, hakuna anayekumbuka.

Haya, sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wamama wanapoingia.

Vienna, mwaka 1847. Hospitali ina wodi mbili za kujifungulia. Moja ya wakunga, nyingine ya madaktari na wanafunzi wao. Kwenye ile ya madaktari wazazi walikuwa wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi, mpaka wanawake walikuwa wanaomba kwa machozi wasipelekwe huko. Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, akagundua kwamba wenzake walikuwa wanatoka kupasua maiti, wananawa kwa sabuni, halafu wanaenda moja kwa moja kumpima mama mwenye uchungu. Na mikono yao, hata baada ya sabuni, ilikuwa bado inanuka maiti.

Angeweza kuwapa kolonya. Ingeua harufu, wote wangeridhika, na wamama wangeendelea kufa. Yeye akatafuta kitu cha kuondoa chanzo cha ile harufu, akaleta maji ya klorini. Kila mtu anawe kabla ya kumgusa mzazi. Aprili 1847 kwenye wodi ile, katika kila wanawake 100 walikufa kama 18. Utaratibu ukaanza katikati ya Mei. Juni wakafa kama 2 katika 100.

Florence Nightingale naye, kwenye kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alikazania jambo la namna hiyohiyo: usifukize chumba cha mgonjwa ili kisinuke, ondoa kinachonuka na ufungue dirisha. Bado aliamini mambo ya hewa chafu, lakini kwenye hili alisema kweli. Ndiyo maana sisi manesi tunaanza na dirisha.

Baada ya hapo marashi yakavuliwa koti la udaktari, yakabaki na urembo. Na maabara zikaingia kazini. Mwaka 1874 wanakemia wa Ujerumani walifanikiwa kutengeneza vanilini, ile harufu ya keki inayotoka kwenye pafyumu nyingi za bei ya kawaida. Mwaka 1921 Ernest Beaux akamtengenezea Gabrielle Chanel ile Chanel No. 5, akichanganya maua na kemikali za maabara kwa wingi ambao haukuwa umezoeleka. Kwangu zile za vanila zinanipa njaa, nakubali kabisa. Zile zenye kemikali nyingi zinanukia kama shuka jipya lililoanikwa juani: safi, lakini haikuambii limetoka kwa nani.

Hilo la "safi" ndilo ninalotaka tulitenganishe leo. Kunukia ni kunukia. Usafi ni usafi. Nakuomba mama, na wewe baba unayemhudumia, mshike haya.

Moja. Baada ya kujifungua, damu ya uzazi ina harufu yake ya kawaida, kama ya hedhi. Ikianza kunuka vibaya, na hasa ukiwa na homa au tumbo linauma, usiongeze marashi, usijifukize, wala usione aibu. Njoo hospitali siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo homa ile ya Vienna, na leo tunayo dawa.

Mbili. Kitovu cha mtoto kikinuka, kikitoa usaha au ngozi ya kuzunguka ikawa nyekundu, usikipake poda wala mafuta mazuri. Harufu mbaya ni mjumbe. Ukimfunika mdomo, ujumbe hautakufikia.

Tatu. Chetezo. Najua arobaini bila udi kwa wengine si arobaini, na sisemi uache. Fukiza nguo kwenye chumba kingine, madirisha wazi, mtoto asiwepo, na makaa yatoke nje ukimaliza. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Udi utaisikia, sumu hutaisikia. Na kichanga akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikabonyea, au akakataa kunyonya, usingoje asubuhi.

Nne. Kifuani usijipulize. Utafiti uliotoka mwaka 1994 uliwatazama watoto 30 muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mama alioshwa titi moja, la pili likaachwa. Watoto 22 walichagua lile lisilooshwa. Hawaoni vizuri bado, lakini pua yao inamjua mama. Basi pafyumu yako weka kwenye nguo utakayoivua ukifika nyumbani, au kwenye kifundo cha mkono siku ya kutoka. Na wageni waliolowa manukato wamsalimie mtoto kwa macho kwanza. Waambie nesi kasema, nilaumiwe mimi.

Kwa hiyo vaeni marashi, jamani. Mama mwenye mtoto mchanga naye ni mwanamke, na kunukia vizuri baada ya wiki mbili za kulala vipande vipande kunarudisha moyo. Jipake udi, jipake waridi, chomeka kikuba. Ila vaa kwa furaha, si kwa kuficha. Na ukimpakata mwanao usiku wa manane, umechoka, unanuka maziwa na jasho, usijione mchafu. Kwa yeye, hiyo ndiyo ambari.

Sehemu ya 5 tutaongelea poda za watoto, zilitoka wapi na kama mwanao anazihitaji. Mtumie huyu dada yako anayesubiri kujifungua mwezi huu.