Betri Yangu, Mtera na Ushauri Uliopitwa na Wakati

Makala hii naiandika kwa mara ya pili. Ya kwanza ilipotea juzi jioni hapa Dodoma, umeme ulipokatika. Laptop yangu ya mtumba ilionyesha asilimia 40, nikajipa moyo kwamba nina nusu saa. Wapi! Dakika sita tu ikazima, na kurasa tatu ambazo sikuwa nimezihifadhi zikaenda na maji.

Fundi akanipa ushauri mnaoujua wote: "Dada, iache iishe kabisa ndipo uichaji ijae." Kumbe ndivyo nilivyokuwa nafanya kwa miaka miwili, na ndivyo nilivyokuwa naiua.

Ushauri ule una historia. Mwaka 1899 Msweden Waldemar Jungner aligundua betri ya nikeli na kadmiamu, aina ambayo baadaye ilitumika kwenye laptop za mwanzo. Zilisifika kwa "kukariri": ukizoea kuzichaji kabla hazijaisha, uwezo unapungua. Kwa hiyo enzi zile kuziacha ziishe kulikuwa na maana.

Lakini mwaka 1991 kampuni ya Sony ilileta sokoni betri za lithiamu, kazi iliyowapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Hizi ni kinyume. Kuishiwa kabisa kunazichosha, joto ndiyo sumu yake, na kukaa asilimia 100 siku zote hazipendi. Nyingi zikishajazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500 hubaki na kama asilimia 80 tu ya uwezo wake. Betri zilibadilika, ushauri ukabaki palepale.

Jamani, bwawa nalo ni betri. La kwetu Kanda ya Kati ni Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Hukinga maji ya Ruaha Mkuu wakati wa mvua na kuyatoa kidogo kidogo kiangazi, kwa mitambo yake ya megawati 80 na ile ya Kidatu, megawati 204. Kiwango chake cha chini ni mita 690 juu ya usawa wa bahari. Ukame wa 2006 uliyashusha maji chini ya hapo, nchi ikaingia kwenye mgawo. Kwa haraka ile ukaja mkataba wa dharura wa Richmond, megawati 100. Tarehe 7 Februari 2008, Bungeni hapa hapa Dodoma, Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu yake.

Ukishafika chini kabisa, huchagui tena, unachukua chochote unacholetewa.

Tangu 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha. Nchi imepata betri mpya. Mimi bado nasubiri mshahara. Kwa sasa naichomeka ikifika 30, naichomoa ikifika 80, siiweki juu ya godoro wala juani, na nahifadhi kila aya. Ikivimba, sitaitumia tena hata siku moja.

Nanyi je, ni ushauri gani mwingine tunaufuata ilhali zama zake zilishapita?