Msitu wa Ngũgĩ haukuwa mapambo

Wasee, niwaulize kitu. Ukiambiwa leo umwandikie mtoto wa miaka minane hadithi, utaiweka wapi? Wengi wetu tutakimbilia kijijini: mto, mbuzi, nyanya kando ya moto. Na wewe umezaliwa na kulelewa Mathare.

Sasa mcheki Ngũgĩ wa Thiong'o. Tunamjua kwa riwaya nzito, lakini aliandika pia vitabu vya watoto kwa Kikuyu, kuhusu kijana anayeitwa Njamba Nene. Cha kwanza kilitoka 1982. Basi la watoto wa shule linapaa kama ndege, halafu wanajikuta msituni. Wale wa kujifanya Wazungu wanakwama. Anayejua la kufanya ni Njamba Nene, mtoto maskini. Katika cha pili, cha 1984, anapewa mkate aupeleke, kumbe ndani kuna bastola.

Hayo hakuyatoa hewani. Ngũgĩ alizaliwa 1938 Kamirithu, Limuru. Wazungu walikuwa na mashamba makubwa ya chai, na Waafrika ndio waliochuma. Jioni zilikuwa za hadithi: sungura, mdogo wa mwili, anawachezea akili simba na chui. Kisha 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Baadaye kaka yake akaingia msituni na Mau Mau. 1955, Ngũgĩ akafunga shule muhula wake wa kwanza Alliance, akarudi nyumbani, akakuta hakuna nyumbani. Kijiji kimebomolewa, watu wamehamishwa.

Hebu jiweke hapo. Umefunga shule, una sanduku mkononi, na hakuna mlango wa kubisha.

Ndiyo maana nasema msitu kwenye vitabu vyake si mapambo. Kwa mkoloni, msitu ulikuwa maficho ya magaidi. Kwa Ngũgĩ mdogo, ni pale kaka alipo. Na Njamba Nene mimi namwona ni yule yule sungura, ila sasa simba ana bunduki na sare.

Kitabu cha tatu kilitoka 1986, Ngũgĩ akiwa uhamishoni. Limuru ilikuwa mbali, lakini bado aliiandikia watoto wake.

Turudi kwetu. 2024, baada ya mafuriko, nyumba za watu Mathare na Mukuru zilibomolewa. Kuna watoto walisimama pale wakiangalia tingatinga likipita palipokuwa kitanda chao. Kile Ngũgĩ alikutana nacho 1955, hao wamekiona kabla hata ya kufika sekondari.

Mtoto huyo akifungua kitabu cha hadithi, anapata nini? Mara nyingi ni mto, mbuzi na nyanya. Si vibaya, lakini yeye hayumo. Mabati, ngazi za ploti, mtaro, mama mboga anayejua jina la kila mtoto: hiyo nayo ni nchi, na ina sungura wake.

Kama ulikulia huko, usingoje mtu wa nje aje akuandikie. Anzia mlangoni kwenu, hata kama mlango wenyewe ulishabomolewa.